Mstari kwenye Jiwe la Babu

Shule niliiacha darasa la tatu, na sikuiaga. Kusoma nasoma, kuandika ni kama hivi mnavyoona. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na bati, nimeijenga kwa kahawa, na kila shina la kahawa hiyo nililipanda kwa mkono wangu. Naanza na hayo kwa sababu habari hii ni ya jiwe, na watu wa huku kwetu Ukata wakiisimulia wananifanya mimi mzee aliyedanganywa na jiwe. Sikudanganywa. Niliamini, na hayo ni mambo mawili.

Jiwe lenyewe liko juu ya shamba, pale mteremko unapoanza kushuka kwenda kijitoni. Ni bapa kama ubao wa mlango, rangi ya majivu, limelazwa chini na kubanwa na mawe madogo pembeni lisisogee. Juu yake kuna alama. Safu mbili za vishimo vidogo zinakwenda sambamba, moja kulia na moja kushoto, na katikati yake unapita mstari mwembamba kama uliokwaruzwa kwa msumari. Karibu na ukingo mstari unapinda kidogo kwenda kulia, halafu jiwe linaisha.

Mtu wa huku akizitazama alama hizo anaona kitu kimoja tu, shamba. Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba mteremko mzima. Mwanamke anakuja nyuma na jembe, anachimba katikati ya kila mraba, udongo anaufukia juu ya nyasi. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na matuta, maji ya mvua yanatua humo badala ya kuondoka na shamba. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mlima umejaa mashimo, safu kwa safu. Na jiwe la babu lilikuwa hivyo hivyo, safu kwa safu, na katikati mpaka.

Babu yangu ndiye aliyelileta. Yeye na wenzake walilibeba kutoka upande wa makaa ya mawe, ambako mawe yanabanduka kama mbao. Alisema ni mchoro wa wazee waliolima kabla yetu, akalilaza pale juu, akatoa amri yake. Simama juu ya jiwe, tazama mstari unakoelekea, ufuate kwa macho mpaka kijitoni. Kushoto ni upande wa babu, huo unabaki kwa watoto wa kiume. Kulia ni upande wa bibi, huo ni wa mabinti wakirudi nyumbani. Na pale mstari unapopinda? Babu alisema hapo mchoraji alichoka mkono. Tufuate ulionyooka.

Tukafuata. Baba alifuata, mimi nikafuata baada yake. Majirani waliokuwa na ugomvi wa mipaka walikuja kulitazama, wakaenda kwao kupanga mambo yao kwa mfano wake. Tatizo ni kwamba kijito kilihama, kikaja kuula upande wa bibi. Siku hizi upande huo ni matete na vyura. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna binti aliyerudi.

Halafu mdogo wangu akarudi.

Yeye aliolewa kando ya Ziwa Nyasa, Mbaha, na mvuvi. Ameishi huko miaka mingi mpaka Kimatengo chake kimechanganyika na Kinyasa. Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwachia chumba cha nyuma na kazi ya kuanika usipa wao, vidagaa vya ziwani. Mwezi wa pili mwaka huo alishuka kwenye basi na gunia la usipa lililonuka mpaka kondakta alikuwa amefunga pua kwa fulana.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kusalimia au kukaa?"

"Nimekuja kulima."

"Utalima wapi?"

"Kipande cha mama."

Kipande cha mama ni kijisehemu kizuri, udongo mweusi, chini kidogo ya mgomba wa mwisho. Mama alikilima mpaka kifo chake. Lakini ukisimama juu ya jiwe, kiko kushoto kwa mstari, kimepakana nao. Mama alikilima kwa hisani ya baba, hakikuwa chake. Tena mimi nilikuwa nimekwisha kuotesha miche ya kahawa kwenye kitalu, na miche hiyo ilikuwa inasubiri kipande hicho hicho.

Nikamwambia hivyo, wazi. Sikumfukuza. Nilimpa chumba chenye dirisha, nilimpa ugali na mboga. Shamba tu ndilo nililokataa.

"Kaka, maharage yanapandwa mwezi wa tatu," alisema. "Kama sina ngoro mwezi wa tatu, nitakula nini mwaka mzima? Chumba chako?"

"Utakula kwangu."

"Nimekula kwa watu vya kutosha. Kama hakuna shamba, narudi kule kuanika usipa. Heri ninuke samaki."

Nilimpeleka kwenye jiwe ili aone mwenyewe. Alikuwa amelisahau, wasichana hawakuwa wakiitwa pale. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye vishimo vile, upande mmoja, halafu upande wa pili. Akaanza kucheka.

"Unacheka nini?"

"Kaka, hapa amepita kaa."

"Kaa gani?"

"Kaa. Mwenye miguu. Kule kwetu asubuhi mchanga wote umejaa hivi hivi."

"Kaa anapita kwenye jiwe mpaka linatoboka? Ana miguu ya nondo?"

"Kwani lilizaliwa jiwe?"

Mtu aliyeishi sana ziwani kila kitu anakiona samaki, na asipokiona samaki anakiona kaa. Lakini neno lile liliniudhi, kwa sababu alilisema kwa furaha.

Ilibidi niende Mbaha kuchukua godoro lake na masufuria. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nilitaka kuona huyo kaa. Nilipanda basi dogo hadi Mbamba Bay, toka pale nikapanda boti. Mimi si mtu wa maji. Nilikaa katikati nikashika ubao, na sitaki kusema zaidi kuhusu boti.

Shemeji aliyenipokea ni mdogo wa marehemu, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alfajiri nilimwomba anionyeshe kaa.

"Mmatengo anatafuta kaa," akawatangazia wenzake waliokuwa wanakung'uta nyavu. "Jamani, mwonyesheni, lakini mwambieni kaa halimwi."

"Shemeji, nimeomba kaa, sikuomba hotuba."

"Haya, shemeji. Lakini ukimwona usimlazie nyasi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Niliwaacha wacheke. Nikaonyeshwa kaa mdogo wa rangi ya tope akitoka kwenye mawe, akapita kwenye mchanga uliolowa, akaingia majini. Niliinama kutazama alichoacha. Vishimo vilikuwepo, hilo sikatai. Lakini kaa anakwenda ubavu ubavu, na vishimo vyake vimetawanyika kama mtu aliyemwaga mtama. Na katikati hakuna mstari. Nilitazama wa pili na wa tatu. Hakuna mstari. Kaa hana cha kuchorea mstari.

Nilipanda mlima na godoro la mdogo wangu nikiwa na moyo mweupe kabisa. Nilimkuta anaosha vyombo.

"Kaa wako nimemwona," nilimwambia. "Hana mkia."

Akaweka sufuria chini. "Kweli, hana."

"Basi mstari ule nani aliuchora?"

"Sijui, kaka. Lakini si hao wazee wa babu."

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka mvua iishe. Mimi sipendi jambo linaloning'inia. Nilipokwenda Mbinga mjini kufuata mbolea, nikasikia kuna wataalamu wa mawe wamefikia kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Kila siku wanakwenda na gari upande wa makaa ya mawe, jioni wanarudi wamebeba vipande wamevifunga kwenye magazeti kama mayai. Nikawafuata wakila chakula cha jioni. Mkubwa wao alikuwa mwanamama wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mimi nina jiwe lenye mchoro wa wazee wa kale. Nataka mje mliseme mbele ya watu."

"Lina nini juu yake?"

Nikamchorea mezani kwa kidole changu nilichochovya kwenye chai. Safu mbili, mstari katikati. Akaacha kula.

"Tutakuja kesho," alisema.

Nilirudi nyumbani nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, nikamwita na katekista kwa kuwa watu wanamheshimu. Mdogo wangu hakuhitaji kuitwa. Nilitaka mtu mwenye elimu aje aseme mbele ya wote kwamba jiwe la babu ni mchoro wa kale, ili kipande cha mama kisitajwe tena na miche yangu iingie ardhini.

Walifika asubuhi. Nilidhani mama yule ataliangalia jiwe, atasema neno, tutakunywa chai. Haikuwa hivyo. Alilifagia kwa brashi ndogo. Akalimwagia maji kidogo. Akamwomba kijana wake asimame na turubai kuzuia jua la juu, halafu yeye akalala chini kifudifudi, kwenye udongo, na nguo zake safi, akamulika tochi kutoka pembeni, mwanga ukitambaa juu ya jiwe. Hapo vishimo vikatoka. Vingine sikuwahi kuviona maisha yangu yote. Mwishoni mwa kila kundi la vishimo kulikuwa na alama iliyochanua kama mguu wa kifaranga.

"Mzee, jiwe hili ni la kilima hiki?"

"Babu alilitoa upande wa makaa ya mawe."

"Ndiyo. Mawe ya huku kwako ni magumu, ya aina nyingine. Hili lilikuwa tope."

Mdogo wangu akakohoa. Sikumtazama.

"Lilikuwa tope pembeni mwa maji," mama yule aliendelea, bado amelala. "Akapita mnyama. Halafu tope jingine likaja taratibu likafunika, likakauka, likabanwa, likawa jiwe. Hizi ni nyayo."

"Kaa," alisema mdogo wangu.

"Anafanana na kaa, lakini si kaa. Ndugu zake wa karibu zaidi ni nge na buibui. Ana gamba kama sufuria iliyopinduliwa, miguu yote iko chini yake huoni. Miguu ya nyuma ndiyo inamsukuma kwenye tope, ndiyo inaacha hii iliyochanua. Jamaa zake wapo mpaka leo kwenye bahari za mbali. Katika pwani yetu hawapo."

"Na mstari?" niliuliza mimi.

"Mkia, mzee. Ana mkia mrefu mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Anauburuta."

Watu wote walinitazama. Mwenyekiti akatazama kofia yake.

"Na pale unapopinda?"

"Hapo alikata kona."

Sikukubali hapo hapo. Mimi si mtu wa kukubali kwa sababu mwingine amelala chini na tochi. Nikamwuliza kama haiwezekani kwamba wazee waliona nyayo za mnyama, wakazitumia kama mfano wa kulimia. Akasema hajui wazee walifikiri nini, anajua tu nani alipita. Nikamwuliza ni zamani kiasi gani. Akasema ni kabla ya watu. Kabla ya ndege.

"Kahawa je?" aliuliza katekista, nadhani kwa kunitania.

"Kahawa bado kabisa. Hata maua hayakuwepo."

"Nyasi?" nikauliza.

"Nyasi bado, mzee. Nyasi zilikuja baadaye sana."

Mnyama mwenye mkia ningeweza kubishana naye. Lakini bila nyasi hakuna ngoro. Huwezi kulaza kitu ambacho hakipo. Hakuna mzee wa kale, hata awe hodari namna gani, aliyelima ngoro mahali pasipokuwa na unyasi hata mmoja, wala kuichora. Hilo halihitaji darasa la nne.

Mama yule akaniambia jiwe lisiuzwe wala kuvunjwa, kwamba kitu kama hicho ni cha taifa, na kwamba watarudi kulitengenezea nakala kwa plasta. Nikamjibu kwamba sijawahi kuuza jiwe na sitaanza uzeeni. Wakapiga picha nyingi, wakanywa chai, wakasifu kahawa, wakaondoka.

Tukabaki sisi wanne pale juu. Mwenyekiti ni mtu mwangalifu, anapenda kila mtu aende nyumbani na kitu.

"Mzee," alisema, "mimi naona hoja yako bado iko hai. Mstari kauchora mdudu, sawa. Lakini mdudu hakulilaza jiwe hapa. Aliyelilaza ni babu yako, na aliyelielekeza kijitoni ni babu yako. Angetaka kwingine angeligeuza. Kwa hiyo mpaka ni wa babu. Mimi hata barazani naweza kulisema hilo."

Ilikuwa hoja nzuri. Naikubali mpaka leo kwamba ilikuwa nzuri. Katekista alitikisa kichwa kuikubali. Mdogo wangu alisimama akakung'uta kitenge chake.

"Nitaondoka Jumatatu," alisema. Hakulia, hakugomba. "Usipa uliobaki nimeuweka kwenye ndoo, kaka. Funika, panya wapo."

Nikamtazama mwenyekiti. Nikalitazama jiwe. Mambo yote niliyonayo, nyumba, bati, kahawa, ng'ombe, hakuna aliyenipa akaniambia chukua. Nimelima mpaka kucha zimekufa. Sasa nikajiona nimesimama mbele ya watu, mzee mzima, nashikilia kipande cha udongo kwa mkia wa mdudu. Na mtetezi wangu ananiambia mkia unatosha.

"Mwenyekiti, asante," nilimwambia. "Nenda ukapumzike."

"Niliseme barazani?"

"Usiseme kitu. Mimi sijawahi kupata shamba kwa mdudu."

Aliondoka akiwa hajaelewa, na sikumweleza.

Asubuhi yake nilichukua fyekeo nikashuka kwenye kipande cha mama. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, nzuri, ndefu, za kulaza. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume. Mjane asiye na mtu wa kumlazia hana pa kuanzia, hata ukimpa mlima mzima. Mimi miaka hii nalaziwa na vijana wa kibarua. Mgongo ulinikumbusha hilo mapema. Nilifyeka, nikaacha zinyauke kidogo, halafu nikaanza kuzilaza, kwanza mistari ya kushuka, kisha ya kukatiza, miraba ikitokea mmoja baada ya mwingine. Pale mstari wa jiwe ulipokuwa ukipita machoni mwangu miaka yote, nilipapita bila kusimama.

Jumatatu mdogo wangu alishuka jua likiwa limekwisha kupanda. Alikuwa amevaa nguo za safari. Akasimama juu ya tuta, akatazama nyasi zilizolala.

"Hizi za kahawa?"

"Kahawa hailazwi nyasi za ngoro. Umekaa ziwani mpaka umesahau?"

"Za nani basi?"

"Jembe liko nyuma ya jiko. Lile la mpini mfupi ni la mama."

Hakusema asante, na mimi singependa aiseme. Akapanda kuvua nguo za safari. Aliporudi alianza mraba wa juu kabisa, akachimba, akafukia, akachimba. Mkono wake ulikuwa umesahau kidogo. Matuta ya kwanza yalikuwa yamepinda. Nikamwambia yamepinda.

"Hapo nimekata kona," alisema.

Miche ya kahawa niliipeleka kwingine, juu kwenye mteremko mkali, na inaendelea vizuri. Maharage yake yaliingia ardhini mwezi wa tatu haujaisha. Jiwe bado lipo palepale, wale watu wa plasta walikuja wakaenda. Mdogo wangu aliwahi kuniomba aanikie usipa juu yake, maana ni bapa na linashika joto. Nikamkatalia. Kipande ni chake, lakini jiwe ni la babu.